Ndama Alitangulia

Kwetu Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ng'ombe ni mali na heshima. Ndiyo maana historia ya chanjo za minyoo hunigusa: ilianzia zizini.

Mwaka 1959 chanjo ya minyoo ya mapafu ya ng'ombe iliingia sokoni Uingereza. Watafiti wa Glasgow waliwadhoofisha mabuu kwa mionzi. Ndama alipowameza, mwili wake ulijifunza kupambana nao kabla hawajamdhuru.

Njia hiyo ikajaribiwa kwa kichocho. Nchini Kenya iliwapa nyani kinga kiasi, lakini kumwingizia mtoto mnyoo hai ni jambo jingine. Watafiti wakageukia protini za mnyoo. Chanjo moja ilijaribiwa kwa watoto wa Senegal kuanzia 2009. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha ni salama, ila haikuzuia kichocho kurudi.

Hivyo mtoto wa Kagera bado anategemea prazikwanteli. Vidonge huua minyoo aliyonayo leo. Akirudi kuoga ziwani kesho, havimkingi. Kila nikiona watoto wakichota maji, naihesabu miaka tangu ndama apate chanjo yake: imepita 60.