Usonji: Tuache Kumshitaki Mama

Miaka kadhaa iliyopita niliteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kurekodi kipindi. Mama mmoja alinijia na mwanawe wa miaka sita. Mtoto hasemi, hamtazami mtu usoni, kutwa kupanga kokoto mstari mmoja. Nikamsogezea kipaza sauti, nikauliza: "Mama, ulikosea wapi?" Akainamisha kichwa. Swali lile linanisuta hadi leo, maana ndilo walilomwuliza kila siku ndugu wa mumewe.

Hali ya mtoto yule huitwa usonji. Nilipozisoma habari zake niligundua kuwa hata wataalamu walipita njia yangu. Mwaka 1943 Dakta Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa namna hiyo. Alidhani wamezaliwa hivyo, lakini kufikia mwaka 1949 akawa anawasema wazazi kuwa ni watu baridi. Bruno Bettelheim akalikazia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mama akawa mshitakiwa.

Waliopinga walikuwapo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 akisema chanzo kimo mwilini, si katika malezi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha, Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Mapacha hulelewa nyumba moja. Tofauti ilikuwa ya kurithi.

Mwaka 2006 Folstein huyohuyo na wenzake waliandika juu ya watoto 20 wa hapa Tanzania. Kati yao, 14 walithibitika kuwa na usonji, na 3 kati ya hao walikuwa wakikua vizuri hadi walipougua malaria kali, homa na degedege. Watafiti walionya kuwa malaria ni ugonjwa wa wengi, hivyo si rahisi kusema ndiyo iliyosababisha. Lakini ni nani angejua mtoto alikuwaje kabla ya homa, kama si mzazi wake?

Nikirudi Mbamba Bay nitamtafuta mama yule. Nitamwomba radhi kwanza, kisha nitamwuliza nilichopaswa kumwuliza siku ile: "Mama, wewe uliona nini?"