Koili za Mawimbi ya Redio katika Kipimo cha MRI na Tahadhari kwa Wachimbaji

Koili ya mawimbi ya redio ni sehemu ya mashine ya MRI inayorusha mawimbi mwilini na kupokea ishara hafifu zinazorudishwa na viini vya haidrojeni, ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Katika mashine yenye sumaku ya tesla 1.5, mawimbi hayo huwa ya takribani megahezi 64. Koili ya kupokea hukaa karibu na kiungo kinachopimwa. Ndiyo maana kichwa, uti wa mgongo na goti huwa na koili zake. Kipimo hiki hakitumii mionzi ya eksirei.

Hata hivyo, mawimbi hayo huweza kupasha metali joto na kuunguza ngozi, nayo sumaku huweza kusogeza chuma kilichomo mwilini. Kwa wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Shinyanga wanaopasua miamba kwa nyundo na tindo, kibanzi cha chuma kilichobaki jichoni chaweza kusababisha upofu. Aliyewahi kupata jeraha hilo, hata kama lilipona zamani, anapaswa kumweleza mtaalamu wa radiolojia kabla ya kuingia chumba cha mashine, ili macho yake yachunguzwe kwanza kwa eksirei.