Dawa za kusafishia meno ya bandia

Dawa za kusafishia meno ya bandia ni vidonge, unga au maji yanayotumika kuondoa mabaki ya chakula, madoa na vimelea kwenye bamba la meno linalovuliwa. Zinapunguza vimelea sana, lakini hakuna inayoweza kuaminiwa kuvimaliza pasipo mswaki.

Sababu iko kwenye bamba lenyewe. Tangu miaka ya 1930 mabamba hutengenezwa kwa akriliki. Chukua bamba la juu uligeuze kwenye mwanga. Upande wa nje unang'aa kwa kuwa fundi ameupiga msasa na kuung'arisha. Upande unaokaa kwenye kaakaa haung'arishwi, maana ukilika hata kidogo bamba halitashika. Pitisha kidole hapo kabla ya kuosha: panateleza. Huo ni utando wa bakteria na fangasi, hasa Candida albicans, waliojifunika ute wao wenyewe. Dawa huwafikia wa juu, na wa chini kwenye vijitundu vya akriliki hubaki na kuzaliana upya.

Fangasi huyu huishi vinywani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Chini ya bamba, mahali ambapo mate hayafiki vizuri, hustawi, na kaakaa hugeuka jekundu kwa umbo lilelile la bamba. Mara nyingi hapaumi, kwa hiyo wengi hawaendi kwa daktari. Wenye kisukari au upungufu wa kinga wako hatarini zaidi. Matone ya nystatin hutibu kaakaa, lakini bamba lisiposafishwa ugonjwa hurudi.

Vidonge vya kutoa povu vina peroksaidi. Mapovu ya oksijeni hulegeza uchafu na kuua sehemu ya vimelea. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 yalikuta ushahidi hafifu wa kuviunga mkono, na hayakupata dawa moja iliyozishinda nyingine. Klorheksidini huua fangasi vizuri, ila hutia madoa ya kahawia.

Kwa familia ya Chang'ombe jijini Dodoma, dawa iliyo karibu zaidi ni Jik, nayo si dawa ya kubezwa. Kiini chake, haipokloriti ya sodiamu, huua vimelea na pia huyeyusha ule ute unaowakinga. Ikiwa lebo inaonyesha asilimia 3.5, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji huleta asilimia 0.5, uwiano ambao wauguzi wetu wanaujua kwa kutakasa vifaa. Bamba lilowe kwa dakika zisizozidi 10, kikomo kilichowekwa pia na chama cha madaktari bingwa wa meno ya bandia wa Marekani mwaka 2011, kisha lisuuzwe kwa maji mengi kabla ya kurudi mdomoni. Likizidishiwa muda akriliki hupauka. Bamba lenye chuma au waya lisitiwe humo kabisa, maana litaliwa na kutu.

Dodoma ina jambo lake jingine: maji. Maji ya visima ya ukanda huu yana madini yanayoganda meupe ndani ya birika, na madini ya namna hiyo, kutoka kwenye maji na kwenye mate, huganda pia kwenye bamba yakawa ugaga. Ugaga una uso unaokwaruza, unaowapa vimelea pa kushika. Siki iliyochanganywa na maji huulegeza, ingawa kwa kuua fangasi ni dhaifu kuliko Jik. Siki na Jik zisikutane kamwe katika chombo kimoja: hutoa gesi ya sumu.

Mswaki laini na sabuni ya kuoshea vyombo hufanya kazi kubwa kila siku. Majivu, mchanga na hata dawa ya meno hukwaruza akriliki, na maji yanayochemka huipinda. Usiku meno yavuliwe na kuachwa ndani ya maji safi. Utafiti wa Japani uliotolewa mwaka 2015, kwa wazee wa miaka 85 na kuendelea, ulionyesha kuwa waliolala nayo walipata nimonia zaidi ya mara mbili ya wengine.

Mwenye mzee nyumbani amwulize leo jioni meno yake huyaweka wapi anapolala.