Kuondoka hospitalini bila ruhusa ya daktari baada ya upasuaji

Mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa kuendelea kulazwa. Kwa kawaida hutakiwa kutia saini fomu inayothibitisha kwamba ameelezwa hatari zake. Saini hiyo haimwondolei haki ya kurudi kutibiwa.

Nchini Uganda ada za hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Hata hivyo chakula, uuguzi wa kando ya kitanda na dawa zilizokosekana hubaki mzigo wa jamaa, na mzigo huo humfanya mgonjwa atamani kurejea nyumbani mapema.

Siku za mwanzo ndizo zenye hatari: kidonda huweza kuvuja damu au kuingia vijidudu, na damu huweza kuganda mguuni ikasafiri hadi mapafuni.

Kabla ya kuamua, inafaa mgonjwa amweleze daktari kinachomsukuma, kwani huenda ufumbuzi ukapatikana. Akishikilia kuondoka, achukue maelezo ya upasuaji kwa maandishi, dawa, na tarehe ya kutolewa nyuzi. Homa, usaha, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana ni dalili za kurudi hospitalini mara moja.