Mstari Mnyoofu Chini ya Barafu: Ushahidi na Makisio katika Historia ya Upimaji wa Mikondo ya Kina

Makala haya yanachunguza namna wanasayansi walivyojifunza mikondo ya kina kwa kuviacha vyombo vichukuliwe na maji, na mahali ambapo ushahidi wao huishia na makisio huanza.

Kati ya 1893 na 1896, Fridtjof Nansen aliiacha meli yake, Fram, igandie katika barafu ya Aktiki. Mwendo wake ulionyesha njia ya barafu. Maji ya chini yalibaki fumbo. Mwaka 1955 Mwingereza John Swallow aliunda chombo cha mabomba ya alumini, ambayo hayabanwi na mgandamizo kwa kadiri maji ya bahari yanavyobanwa. Kilizama hadi kina ambacho densiti yake ililingana na ya maji, kikachukuliwa na mkondo huku kikitoa sauti iliyosikika melini. Mwaka 1964 Swallow alikuwa katika meli Discovery akipima mkondo wa pwani ya Somalia, ambao mabaharia wa majahazi waliujua tangu zamani kwa majira ya kusi na kaskazi. Sakafu ya bahari hiyo hupokea maji baridi yenye asili ya Antaktika. Kwa hiyo mikondo ya ncha za dunia inaihusu pia Afrika Mashariki.

Vyombo vya mtandao wa Argo huibuka kila baada ya siku 10 hivi ili setilaiti itambue mahali vilipo. Katika Bahari ya Weddell, vingine huahirisha kuibuka pindi joto la maji ya juu linapokaribia kiwango cha kuganda, na hutuma vipimo barafu inapoyeyuka. Vipimo husalimika, lakini njia hupotea. Pasipo vyanzo vya sauti vilivyotiwa nanga, mtafiti huunganisha nukta mbili, ya kabla na ya baada ya barafu, kwa mstari mnyoofu.

Mwanahistoria wa Singida ameuona mstari wa namna hiyo. Ramani nyingi za misafara ya karne ya 19 huunganisha Ugogo na Unyanyembe moja kwa moja, zikipita Mgunda Mkali, katika Manyoni na Itigi za leo. Makazi ya Wakimbu na mizunguko ya kutafuta maji humezwa na wino.

Hivyo makala haya yanapendekeza kwamba, katika nyanja zote mbili, njia iliyokisiwa ichorwe kwa nukta, na iliyoshuhudiwa kwa mstari kamili. Msomaji wa ramani ana haki ya kujua ni wapi mchoraji alikuwa akikisia.