Sahani Iliyobeba Sebene Hadi Bunia

Sidii (CD), ambayo mjini Bunia, mkoani Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huitwa sede kwa kufuata matamshi ya Kifaransa ya herufi zake mbili, ni sahani ya plastiki ngumu yenye kipenyo cha sentimita 12, iliyoanza kuuzwa Japani mnamo Oktoba 1982 baada ya kampuni za Philips na Sony kuafikiana juu ya vipimo vyake. Ituri iliipokea baadaye, kaseti ikiwa bado imeshika soko, na katika safari yake ilifuata njia za bidhaa nyingine za mji huo, yaani kutoka Uganda kupitia Mahagi au kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, kwa kuwa Kinshasa, kitovu cha muziki wa Kongo, iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,700, ng'ambo ya msitu mkubwa.

Ubora wa sahani hiyo hauonekani vyema bila kuutazama muziki iliyoubeba. Wimbo wa rumba ya Kongo kwa kawaida huanza kwa uimbaji wa taratibu, kisha huingia sebene, yaani sehemu ambapo magita hujibizana kwa kasi na wachezaji hujaa uwanjani. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, hivyo mara nyingi wimbo ulikatwa na sebene ikahamishiwa upande wa pili, na ngoma ikasimama mpaka santuri igeuzwe. Kaseti iliongeza nafasi, lakini utepe wake ulinyooka, ukanaswa ndani ya mashine na kufifia kadiri ulivyopigwa. Sidii ilitoa dakika 74 mfululizo, na bendi zilizotokana na kuvunjika kwa kundi la Wenge Musica mwaka 1997, ikiwemo ile ya mwimbaji Werrason iliyotoa albamu ya Solola Bien mwaka 1999, zilikuwa huru kuiachia sebene iende hadi mwisho wake.

Sauti huandikwa kwa vishimo vidogo mno, vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, ambao ukinyooshwa huzidi kilomita 5. Mwali wa leza huvisoma bila kuigusa sahani, kwa hiyo kupigwa mara elfu hakuichakazi. Hata hivyo, anayejua kuitunza huipangusa kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha kitambaa, kwani mkwaruzo unaofuata mzunguko huzuia sauti nyingi zilizofuatana kusomwa, ilhali ule unaoukata mstari husahihishwa na mashine yenyewe.

Katika mji uliopitia vita vya 1999 hadi 2003, faida kubwa zaidi ilikuwa kwamba sahani hiyo ilijitosheleza: betri chache na redio yenye mlango wa sidii vilitosha, bila mtandao wala idhini ya mtu yeyote aliye mbali. Sifa ya kutochakaa, hata hivyo, haikuzihusu kikamilifu nakala zilizochomwa kwa kompyuta, ambazo huhifadhi sauti katika tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua.

Sahani halisi ilikuja pia na kijitabu ndani ya kasha lake, kilichotaja mtunzi wa kila wimbo, waimbaji, mpiga gita la solo na mpiga ngoma. Nyimbo zilipohamia kwenye flashi na kadi za simu, kijitabu hicho hakikuhama nazo, na mara nyingi kilichobaki kwenye kioo ni jina la nyota mmoja na namba ya wimbo.