Ngoma na Vinyago Katika Jukwaa la Taifa

Mwezi Desemba mwaka 1962, akilihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Julius K. Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba waliosomeshwa na wakoloni walifunzwa kuzionea haya ngoma za wazee wao, naye akazitaja baadhi kwa majina yake: gombesugu, kiduo, lelemama. Hotuba hiyo imesomwa sana madarasani. Mara nyingi imeeleweka kana kwamba kabla ya siku ile kila kabila lilikuwa limejifungia uani na ngoma yake, mpaka Serikali ilipokuja kuzivunja nyua hizo. Sisi twaona historia yasema vingine.

Tuichukue hiyo lelemama. Ilikuwa ngoma ya wanawake wa mwambao, na vyama vyake vilikusanya watu wa nasaba mbalimbali. Dar es Salaam nako vyama vya ngoma vilikuwa vingi, na Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kimoja cha hivyo, kiitwacho Bomba. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwaendea viongozi wa vyama hivyo, kwa kuwa alijua kwamba palipo na ngoma wanawake wamekwisha kukusanyika, wana mpangilio wao na wanaaminiana. Wakajiunga kwa wingi. Basi ngoma ilikwisha kufanya kazi ya umoja kabla hatujawa na bendera wala wizara.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo katika uchongaji. Wamakonde wengi walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge, nao walikuja na ustadi wao wa kuchonga. Ugenini walikutana na wanunuzi ambao hawakuwa na haja ya kinyago cha mapiko cha kuchezewa jandoni, bali walitaka kitu cha kuweka sebuleni. Hapo ndipo mpingo ulipopata maumbo mapya. Kile kinyago cha watu waliobebana, kinachohusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, wenyewe walikiita dimoongo, yaani nguvu, kwa kuwa kilionyesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Baadaye siasa ya Taifa ilikipa jina la ujamaa, na kwa jina hilo kikajulikana ulimwenguni. Hatusemi kwamba jina hilo ni baya. Twasema tu kwamba mwanafunzi anayelijua hilo moja hajui kwamba juu ya kinyago kile yupo mtu aliyeshinda.

Edward Saidi Tingatinga naye, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, alipita katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao laini kwa rangi za kupakia baiskeli, zilizopatikana madukani kwa bei nafuu. Aliuza michoro yake Oyster Bay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu, lakini jamaa na rafiki zake waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa mkondo huo wakaunda chama chao cha ushirika. Jina la mtu mmoja limekuwa jina la sanaa nzima. Ni bahati ambayo wasanii wetu wachache wameipata.

Waimbaji na wacheza ngoma wengi hawakuipata. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilipoundwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, ngoma za mikoani zilipandishwa jukwaani, zikafupishwa, zikapangwa ili mtazamaji asichoke. Sindimba ya Wamakonde, iliyofungamana na mafunzo ya jando na unyago, ikaenea mpaka shuleni. Sisi wenyewe tuliicheza tukiwa wanafunzi, mbele ya mgeni rasmi, tukiimba maneno ya kumkaribisha. Hapakuwa na aliyetueleza viuno vile vilikuwa vikifundisha nini, wala kwa nani. Miaka ilipita, tukawa watumishi, tukapewa kazi ya kuandika ratiba za sherehe. Tukaandika: "Ngoma kutoka Mtwara." Aliyetunga wimbo hatukumwuliza jina, na aliyepiga ngoma tulimhesabu kwa ajili ya chakula tu. Makosa hayo ni yetu.

Ndiyo maana twapenda kumtaja Hukwe Zawose, Mgogo wa kijiji cha Nzali, Dodoma. Aliitwa Dar es Salaam kuja kulitumikia Taifa kwa muziki wake, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Alikuja na ilimba, alikuja na zeze, na akaendelea kuimba Kigogo. Wanafunzi waliotoka makabila mengine walijifunza kwake sauti za Ugogo kama zilivyo, wakijua zatoka wapi. Alifariki mwaka 2003, na ukoo wake ukabaki Bagamoyo ukipiga muziki ule ule.

Tena si ule ule kabisa. Katika Ugogo muheme ni ngoma ya wanawake. Wao ndio huzibana ngoma mapajani na kuzipiga. Ilimba na zeze, na kuongoza nyimbo, vilikuwa zaidi mikononi mwa wanaume. Mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Humo ngoma za muheme zimo, zeze limo, ilimba imo, na waimbao ni wao, kwa majina yao.